Wembamba Wakae Kando

Jumanne, 5 Agosti 2025

Mgongo tena. Leo nimeshinda studio nimejiegemeza ukutani. Miaka ishirini na mbili ya kupiga picha za mazishi na harusi, na kila familia ina ombi lile lile: Madam Zeituni, hakikisha wote tumeingia. Wote ni watu tisini! Na nyuma yangu daima kuna ua, au choo, au hema la wageni. Narudi nyuma, narudi nyuma, mwisho nimepanda kiti cha plastiki. Mwezi uliopita kule Usenge kiti kilivunjika nami juu yake. Hadi wafiwa walicheka.

Nimeamua: nanunua lenzi pana. Ile ya bei nafuu, milimita kumi hadi kumi na nane, ya plastiki. Kosa langu ni kuuliza maoni kwenye grupu letu la wapiga picha. Jumbe arobaini na tatu kabla ya chai ya jioni! Calvince, wa harusi za wenye nazo, asema hiyo ni toi, kitu cha kuchezea watoto, pembe zote ukungu, nisubiri nipate ile ya maana. Nisubiri hadi lini, hadi uti ukatike? Seif hupiga vyumba vya gesti na ploti za mabroka. Yeye asema imemlisha mwaka mzima, chumba cha kitanda kimoja kinageuka ukumbi. Mwingine asema haipendi giza. Kuna mmoja hajawahi hata kuishika, na ndiye aliyeandika kirefu kuliko wote.

Nimeagiza. Basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Imefika. Nyepesi ajabu! Bega langu limeshukuru kabla yangu. Nimelipiga picha duka langu — linafanana na supamaketi. Nikampiga fundi wa viatu wa hapo nje, yuko pembeni mwa picha: kichwa kimevutwa kama yai, bega la mpiga mieleka. Kacheka sana, akaomba nimtumie.

Nimeweka picha hiyo kwenye grupu. Calvince hakungoja kuulizwa. Lenzi ya wide ni kujua kupanga watu, asema. Wanene katikati, wembamba wakae kando, maana ikiwavuta watatoka saizi ya kawaida. Seif kaweka dole gumba. Kwa mara ya kwanza Calvince kasema kitu cha kunisaidia.

Jumamosi, 9 Agosti

Pap Onditi, kule Nyakach, mazishi ya Mzee Absalom. Aliyeniita ni mwanawe mkubwa, Opiyo. Boma dogo, hema tatu, jua la kuchoma utosi. Picha ya familia na jeneza wakaitaka dakika ile ile mhubiri alipokuwa akitafuta miwani yake. Nyuma yangu ua wa miiba. Hatua mbili tu za kurudi!

Lakini leo nilikuwa na lenzi. Nikaanza kupanga. Wanene katikati! Wembamba kando! Mjane, Mama Rachael, mama mnene wa kitambaa cheusi, nikamweka katikati kabisa. Kichwani pa jeneza alisimama mama mwingine, mrefu, mwembamba kama mwiko, mkono wake juu ya mbao. Nikamshika kiwiko. Nikamwambia, Mama, sogea pale mwisho, utatoka vizuri. Akanitazama. Akatazama wengine. Akaenda.

Wote waliingia. Tisini na wawili, na sikupanda kiti. Nilifurahi mno, Mungu anisamehe.

Wakati wa chakula nikamuuliza mpishi yule mama mwembamba ni nani. Ni bibi mdogo wa Mzee, mke wa pili, akasema. Wa nyumba ya Awasi. Nikasukuma sahani ya wali kando. Nikajiambia ni picha tu, na alikuwamo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala mchana wote. Mgongo hauniumi sana. Kitu kingine ndicho kinachonisumbua na sitaki kukiandika.

Jumatano, 20 Agosti

Opiyo kachukua picha kubwa, ya kuning'iniza sebuleni. Nilikuwa na hofu atalalamika juu ya pembe za picha. Pembe ni ukungu kweli, Calvince hakukosea. Halafu lenzi imevuta pengo: kati ya yule mama na mtu wa karibu naye palikuwa na hatua moja, kwenye picha ni kama nne. Yuko huko peke yake na uso uliovutwa, mfano wa mpita njia aliyechungulia mazishi ya watu.

Opiyo hakulalamika. Kaweka kidole pale pale pembeni na kutabasamu. "Hii iko sawa kabisa, Madam. Hii ndio nilikuwa nataka." Nikadhani anasifu kazi yangu, kumbe ni lile pengo alilolipenda. Ujinga gani huu!

Jumatatu, 8 Septemba

Yule mama kaja studio. Jina lake Mama Seline. Ametoka Awasi asubuhi, kakaa kwenye kiti cha wateja na mkoba magotini.

Chifu anaandika barua ya kuitaja familia ya marehemu. Bila barua hiyo hakuna wa kugusa mali kortini. Ameishi na Mzee Absalom miaka kumi na tisa katika nyumba ya Awasi, ndimo anamouzia mahindi na maharagwe. Hawakuwa na cheti, walioana kwa mila tu, na wazee waliopeleka ng'ombe kwao wote wamekufa. Jina lake lisipoandikwa, atatoka kwenye nyumba hiyo. Na Opiyo amempelekea chifu ile picha yangu kubwa.

"Anasema mimi nilikuwa mgeni," akaniambia. "Ati angalia, amesimama huko mbali, pamoja na majirani. Wewe huna picha ingine, nyar Kisumo, binti wa Kisumu? Ile nimesimama karibu?"

Nikatafuta naye. Picha mia tatu na kumi na mbili. Maua, mhubiri, kwaya, sufuria! Alipokuwa kichwani pa jeneza sikuwa nimeinua kamera bado, nilikuwa napanga watu. Hakuna. Kila nilipofungua nyingine alisogeza shingo, kisha akarudi nyuma pole pole. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikamwagizia soda.

Jioni Opiyo kapiga simu. Chifu anataka mpiga picha afike tarehe kumi na nane. "We sema tu hukuedit. Hiyo tu, Madam, si ni ukweli? Na mwaka ujao tuna memorial kubwa ya kumkumbuka Mzee, wewe ndio wetu."

Ni ukweli. Sikuedit, sikugeuza hata nukta moja. Ndiyo maana umenichosha kuliko uongo wowote niliowahi kusema.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeuliza grupu bila kutaja majina. Mtu akisema mbele ya serikali kwamba lenzi hii inavuta, kuna ubaya? Lo! Waliogombana juu ya ukungu wa pembe mwezi uliopita leo wote ni sauti moja. Nyamaza. Sema hukuedit, nenda nyumbani.

Seif hakutosheka na kuandika, kapiga simu, nami nikamweleza kuwa ni mbele ya chifu wa Pap Onditi. "Zeituni, dadangu, unataka kuniua? Ploti zangu zote nimepiga na hiyo kitu. Chifu huyo huyo ndiye anaandikia watu wangu barua za mashamba." Nikamwambia kuna mama atafukuzwa kwake. Kisha akasema ana watoto wanne, kana kwamba siwajui kwa majina.

Calvince: nilikuambia ni toi. Nikamkumbusha ushauri wake. Akajibu, "Nilisema wembamba, Madam. Sikusema wajane."

Nimemchukia siku nzima kwa sababu hana kosa.

Jumatano, 17 Septemba

Kesho. Nimeifuta lenzi mara tatu na haina vumbi. Lenzi naweza kuisema, hiyo sasa siiogopi, hata Seif akinuna. Lakini kuna lile jingine. Mpiga picha aliyemng'oa mjane kwenye jeneza la mumewe! Nyakach nzima itajua kabla ya Jumapili. Nani ataniita tena kwenye msiba wake? Sijui kazi nyingine. Nina miaka arobaini na tisa na mgongo huu.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya chifu. Kalamu ya kuazima. Mapumziko.

Ilianza saa tatu. Opiyo kasimamisha ile picha juu ya meza na kuieleza kwa mkono mzima. Chifu akaniuliza, umeedit? Nikasema hapana. Opiyo akaketi. Nikasema, lakini chifu, lenzi hii inavuta pembeni, niruhusu nikuonyeshe.

Nikamsimamisha Opiyo hatua moja kutoka kwa mamake, pembeni mwa fremu. Nikapiga. Chifu akavaa miwani. Kwenye kioo cha kamera Mama Rachael yuko katikati, mzuri, na mwanawe yuko huko kwenye kabati la faili, kichwa yai, kama mtu aliyekuja kutafuta kitambulisho. Karani akacheka. Opiyo akaichukua kamera, akatazama muda mrefu.

"Futa hiyo," akasema. "Mimi siko mbali na mamangu hivyo."

"Usifute," akasema chifu.

Mama Rachael naye akaiomba. Akatazama, akamtazama mwanawe, akairudisha kwangu.

Nikadhani nimemaliza. Nikaanza kufunga begi kwa furaha! Lakini chifu si mjinga. Akasema sawa, lenzi imevuta, nimeona. Ila hata bila lenzi, huyu mama alikuwa mwisho wa mstari. Mjane hawekwi mwisho. Nani aliwapanga hiyo siku, na nani alimtoa hapo kichwani? Opiyo akasema yeye hakumgusa mtu. Hakuna aliyemwamini. Nilimwona akitafuta macho ya mtu wa kumwamini, na mimi nikainamia begi langu. Simu ya chifu ikalia, akasema turudi baada ya chai, Madam wa picha ndiye atajibu.

Mama Seline amekuja kuketi hapa kando yangu. Amefungua kitambaa, ana viazi vitamu viwili vya kuchemsha. Kimoja amenipa. Erokamano, anasema, asante mwanangu, hakujua kamera inaweza kufanya mtu hivyo. Nikamwambia si kitu.

Kisha akasema, akimenya chake, bila kunitazama:

"Hata ile siku ulinishika mkono, mimi sikukasirika. Nilijua ni Opiyo amekutuma."

Nimekimeza kiazi. Nimeinamia daftari. Anangoja nimalize kuandika, anadhani naandika mambo ya kesi. Opiyo yuko pale kwenye bomba la maji, ametupa kisogo, ananawa mikono ambayo haina kitu.

Karani ametoka. Anataja jina langu.