Mbuzi wa Baba Hawaendi Ihumwa

Makutupora,
Dodoma.
14 Agosti, 1993

Mpendwa mdogo wangu Gideoni,

Mbukwenyi nyote huko Mwanza! Hujambo wewe, hajambo wifi Frida? Na Tumsifu, kile kikohozi kimemwacha? Sisi tu wazima, ila vumbi la mwezi huu limetukausha midomo. Mama goti humsumbua asubuhi tu. Jua likipanda anagombana na kuku kama kawaida yake.

Sasa nikupe habari za mbuzi aliotuachia Baba. Mwezi wa tano fisi walikula watatu kwa wiki moja. Baba mdogo Joshua akaja na wazee wawili, akasema mwanamke hawawezi fisi, kwa hiyo mbuzi wote wahamie zizini kwake Ihumwa. Nawe unalijua zizi lile. Watazaa huko, watachinjwa huko, na sisi tutaletewa mguu mmoja Krismasi. Niliumia sana, Gideoni. Niliomba nipewe hadi Septemba.

Kule korongoni bweha wawili walikuwa wanalea watoto, jirani kabisa na fisi. Nikajiuliza wanaponaje. Nikawa nachunga huku nawatazama. Punda wa jirani yetu Castory alipokufa, bweha walifika alasiri, fisi wakiwa bado wamelala. Wakala upesi upesi, vipande vingine wakavifukia vichakani, na fisi walipotokea wao walikuwa wameshaondoka. Hawakungoja kufukuzwa. Shimo lao nalo mlango wake mwembamba: fisi anaingiza pua, mabega yanakwama.

Hapo ndipo nilipoliona kosa letu. Mbuzi wetu hurudi machweo nyuma ya ng'ombe wa majirani, kwa desturi ile ya kwamba ng'ombe ndio wakubwa, watangulie. Kumbe anayebaki nyuma ndiye chakula cha fisi. Na mlango wa zizi bado ni ule mpana wa siku tulipokuwa na ng'ombe!

Nikaubana kwa magogo na miiba, mbuzi aingie mmoja mmoja. Siku hizi nawarudisha jua likiwa bado juu, nawaongezea maganda ya migunga nyumbani ili wasikonde. Na bweha wakibweka mchana bila kunyamaza upande wa korongo, sipiti huko, maana wamemwona mkubwa wao, fisi. Majirani wananicheka eti mbuzi wa Emilia wanalala na kuku. Waache wacheke. Tangu Juni hajaliwa hata mmoja, na wawili wamezaa mapacha.

Jumapili Baba mdogo alikuja tena. Nilimwamkia, nikampa uji, nikamwonyesha zizi. Akatazama mlango, kisha akasema, "Mwenye nguvu mpishe, mwanangu."

Nikamjibu, "Nampisha, Baba mdogo. Lakini kumpisha siyo kumpa mbuzi."

Hakuupenda uji baada ya hapo.

Sasa amekugeukia wewe, kwa kuwa ndiwe mwanamume wa nyumba hii, na ukikubali, wazee hawatanisikiliza tena. Mdogo wangu, mjibu hapana. Usimwandikie "tutaona", maana kwake "tutaona" ni ndiyo. Usiogope kwamba nitachoka. Kuchoka nachoka kila siku, na kesho yake nafungua zizi.

Mama anakusalimu, shangazi Dorkasi pia, na Anjelina anauliza lini utamletea dagaa. Msalimie sana Frida, na Tumsifu umbusu mashavu yote mawili. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape mlo na usingizi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukichelewa kujibu,

Emilia

Nilitaka kusahau: Baba mdogo amekuandikia, akanipa mimi barua yake niipeleke posta. Nimeitia ndani ya bahasha hii hii, sikuifungua. Lakini nimeikunja ndani ya yangu, ili yangu uisome kwanza.