Siku Niliyoshuka Mnazini

Mjukuu wangu Hamisi, pokea salamu kutoka Msambweni. Sisi ni wazima, ila goti la bibi yako linamsumbua. Msalimie mke wangu, huyo unayedai ni wako, na mtoto.

Umeniuliza kama ni aibu rubani wa jeshi kukataa kurusha ndege aliyoiona ina kasoro. Wenzako wanakuita mwoga, nawe wataka kuacha kazi ya miaka kumi.

Mimi sikusoma, lakini huko juu napajua. Kuanzia Diani hadi Vanga hapakuwa na mkwezi wa minazi wa kunishinda. Siku ya arusi moja watu walikuwa wakingoja madafu. Nilipofika nusu ya mnazi, nikahisi kidato, ule mkato wa kukanyagia, kimeoza chini ya mguu wangu.

"Bingwa, umeona jini?" wakapiga kelele. "Shuka, mkeo apande!"

Bibi yako alikuwa pale chini, mtoto mgongoni. Nikashuka. Walinicheka mwaka mzima, na kwa kiburi changu hiki, iliniuma sana, ila kukwea sikuacha.

Mtoto yule ni baba yako. Nilipofika chini alininyooshea mikono, nikambeba.

Kazi usiache.

Babu yako, bado bingwa.