Siku Nilipoyarudisha Maneno Yangu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Bibi yako hajambo. Ng'ombe amezaa dume, jambo ambalo bibi yako anahesabu kuwa kosa langu.

Umeniuliza uwafundisheje wanafunzi wako zile semi za Kiingereza "give back", "come back" na "take back", ambazo wanazikariri bila kuzitumia. Nami nilizifundisha hapa Mwika nilipotoka chuoni, kwa wapagazi wa Mlima Kilimanjaro waliotaka kuwa waongoza watalii. Nilijiona nimesoma kuliko mlima mzima. Mzee Elia, mkubwa wao kwa umri, alipokosea mara ya tatu, nilimwambia mbele ya wenzake, "Mzee, Kiingereza hicho kaongee na mbuzi wako." Akaondoka darasani, na usaili wake wa kuwa mwongoza watalii ulikuwa karibu.

Nilimthibitishia mama yangu kwa hoja nyingi kwamba mwalimu ana haki ya kusahihisha. Akakata jani la isale, ambalo Wachagga tunalitumia kuombea msamaha, akanikabidhi. "Mpelekee, hoja zako uziache hapa."

Mzee Elia alilipokea. "Sasa mwalimu, maneno yale unayarudishaje kwa Kiingereza?"

"I take it back."

"Kayasemee hayo palepale ulipoyatoa yale."

Kesho yake alikuja, nami nikayasema mbele ya darasa: "I take it back." Wote wakayarudia kwa pamoja, kama walivyozoea kurudia kila nilichotamka, na sauti ya Mzee Elia ilizidi zote. Hakuna aliyeyasahau hadi usaili.

Nakukumbuka kila siku,
Babu yako