Kwa Nini Uliandika Ile Kikombe

Mama Chebet,

Ulikufa Jumatano saa tisa mchana. Nilikuwa nimetoka kukununulia uji, nikarudi nikapata wamekufunika mpaka kichwa. Tumekuzika kwenu Soy, kando ya mama yako. Hiyo imeisha. Sasa nataka kukuuliza juu ya ile kitabu.

Unakumbuka daktari akituambia ni saratani ya ile ngozi inafunika mapafu, na imeenda mbali. Akasema kuna dawa mpya, bado wanaijaribu, watu wachache tu wameimeza. Nikauliza, "Itamponya?" Akasema, "Mzee, saa hii tunatafuta kujua mwili unaweza kubeba kiasi gani. Kuponya sijakuahidi."

Mimi nilisikia dawa mpya. Wewe ulisikia yote, ukaweka sahihi.

Wakakupea kitabu uandike kila kitu unameza. Kila kitu, sista wa wodi alirudia.

Ukaimeza hiyo dawa, ukaanza kutapika. Nikaona hawa watu wanatucheza. Nikaenda Chepsaita kwa mama mmoja anauza dawa ya miti, nikachemsha mwenyewe. Ulionja ukakunja uso. "Baba Chebet, hii ni ya mtu ama ni ya kuoshea ng'ombe kupe?" Tukacheka mpaka ukakohoa. Ukamaliza kikombe yote sababu ni mimi nilipika. Alafu ukachukua kalamu. Nikakuambia wacha hiyo. Ukaandika.

Wakapima damu, maini haiko sawa. Daktari akasoma kitabu, akasema hawezi jua ni dawa yao ama ni yangu. Wakakutoa kwa majaribio.

Nilikupigia kelele kwa ngazi, watu wakiangalia. "Ungenyamaza tu! Nani angejua?"

Ukashika chuma ya ngazi, ukapumua kwanza. "Hawa wanapima. Nikidanganya, mwenye atakuja nyuma yangu atapewa kipimo ya uongo."

Mwenye atakuja nyuma yako! Huyo simjui. Hajawahi nipikia chai. Ni wewe nilikuwa najua.

Sijui kama ile dawa ingekuongezea hata mwezi moja. Daktari hajui pia. Hakuna mwenye atawahi kujua, na kikombe ilikuwa yangu.

Na kuna ingine. Ile siku ya kwanza daktari aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema natoa paa za asbesto kwa nyumba za zamani. Akasema vumbi yake ndio huleta hii ugonjwa, hata kwa mwenye anakung'uta nguo tu. Akauliza, "Nani hufua zako?" Kabla nifungue mdomo ukasema, "Anajifulia."

Miaka kumi na tisa umekung'uta hiyo overoli yangu hapo nje ya nyumba Langas, ukiimba.

Kwa hivyo kudanganya ulikuwa unajua, Mama Chebet. Ulichagua tu wapi.

Chebet amerudi shule. Kontrakta amepiga simu, kuna paa ingine inangoja.

Lala.

Kesho narudi kazini. Jioni nitajifulia.

Baba Chebet