Bangili za Yusra

Mayasa, upo? Nsikilize, shoga. Nipo Darajani kwa sonara.

Si nlikwambia leo mie na Hamid tunakwenda benki kumfungulia mwanetu Yusra akaunti ya kusomea chuo? Tukachagua ile isiyo na riba, tukakubaliana vizuri. Bangili zangu za harusi nshazitia mkobani, tukitoka nikaziuze, ndizo za kuanzia.

Dada wa benki akauliza, "Baba akitangulia mbele ya haki, nani atasimamia fedha za mtoto?" Mie nshafungua mdomo nitaje jina langu.

Hamid akasema, "Muandike mama yangu. Mke leo yupo, kesho hayupo."

Mke leo yupo, kesho hayupo. Mbele ya mtu, Mayasa. Kwa sauti ile ile anayoagizia chai.

Nkamuuliza, "Kwani mie nnakwenda wapi?" Kanambia, "Usinune, kwetu ndivyo tunavyofanya." Yule dada kainamisha kichwa, anapangusa meza isiyo na vumbi.

Na bangili zote kanivisha mama yangu, hakuna hata moja aliyonunua Hamid. Nkachukua mkoba wangu, nkatoka. Sikumuaga mtu.

Sasa sonara ananiuliza, "Bi Khairat, nipime?" Nkamwambia, "Usipime, siuzi tena. Nichongee jina la Yusra, kwenye kila moja."

Hamid anapiga simu hapa. Sipokei mpaka sonara amalize herufi ya mwisho.