Kiti Chako Karibu na Redio

Nyuma ya Kiwanda cha Sukari,
Santa Leocadia,
Jamhuri ya Dominika.
4 Agosti 2019

Mpendwa mdogo wangu Tirso,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, kwenye joto ambalo wewe huko Providence, Marekani, unalililia kila Januari. Hujambo? Kiuno kinaendeleaje? Uliniahidi utajipaka ile dawa niliyokutumia na Ramona alipokuja huko, nami najua hukujipaka. Ivelisse mkeo hajambo? Mwambie bado namdai picha ya mjukuu.

Sisi huku wazima. Baba alitimiza miaka themanini na minane mwezi uliopita. Anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi. Jicho la kushoto limezimika kabisa, lakini masikio yako palepale, huwezi kumsema hata ukiwa uani. Mimi ni magoti tu, yananitabiria mvua kabla ya mtangazaji.

Najua unashangaa kupata barua wakati tulizungumza Jumapili iliyopita. Kuna neno nataka kukuambia, na kwenye simu wewe una tabia ya kunikatiza. Barua haikatizwi. Lakini nikianza nalo nitashindwa kuendelea, kwa hiyo kwanza nikupe habari za timu yetu ya besiboli, Wakata Miwa wetu. Usiniambie huzitaki. Kila mara unauliza "mvua imenyesha huko?" na kumbe unachotaka kujua ni kama mchezo ulichezwa. Kisebusebu na kiroho papo.

Tirso, hawa viongozi wa timu wametuvuruga. Tangu tulipofungwa kwenye fainali ya Januari wamekuwa kama mtu anayehama nyumba gizani, anatupa sufuria na kubeba majivu. Jambo moja tu wamefanya la maana: wamembakiza Danilo Sosa, mdakaji. Ana miaka thelathini na tisa, na akichuchumaa nyuma ya mpigaji unasikia magoti yake yakilia mpaka kule kwenye viti vya juani. Lakini nionyeshe mkimbiaji anayethubutu kumwibia kituo. Hayupo.

Wameleta mrushaji kutoka Kanada, mrefu kama nguzo ya umeme. Mpira wake una kasi kweli, ila yeye mwenyewe hajui unakokwenda. Mwezi huu alikuja kutazama uwanja, akapewa ndizi za kuponda na soseji, akaomba mkate mtupu. Mtu asiyekula asubuhi atarushaje mpaka zamu ya saba?

Na meneja mpya ndiye simwelewi kabisa. Kila jambo anaiuliza kompyuta. Nilimsikia redioni akisema kwamba kuugusa mpira polepole ili mwenzako asogee kituo kimoja ni kupoteza mpigaji. Nikamkumbuka Baba alivyotusimamisha nyuma ya kiwanda, wewe na mimi na akina Leoncio, na mpira wa soksi na glavu tulizokunja kwa maboksi ya maziwa, akatukataza kupiga kwa nguvu mpaka tujue kugusa. Wewe ulijua haraka kuliko wote. Ulikuwa unaulaza mpira kwenye vumbi taratibu kama unamlaza mtoto, halafu unakimbia na kaptura inakuvuka. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizi nikipita pale nasikia harufu ya molasi ileile, na macho yanatafuta kaptura yako.

Sasa nifike kwa Amaurys Peguero. Huyu humjui, alizaliwa baada yako kuondoka. Ni kijana wa mtaa wetu, mtoto wa Eneida mshonaji, na kwa miaka sita ndiye aliyelinda pale kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mikono laini, sijaona kama ile tangu ujana wetu. Kwenye mchezo wa saba wa fainali, zamu ya tisa, ile ya mwisho, mpira rahisi ukatambaa chini ukampita katikati ya miguu, tukafungwa. Mwezi Juni wamempeleka timu ya Papa, wale wale wa mji mkuu waliotufunga, wakaletewa badala yake warushaji wawili ambao sitawataja majina kwa sababu hawatafika Krismasi.

Sikasiriki kwa kubadilishana wachezaji. Hiyo ndiyo besiboli. Nakasirika kwa sababu hawakumwondoa kwa hesabu wala kwa umri. Wamemwondoa kwa sababu mtaa mzima ulisema ana nuksi. Walimwandikia ukutani. Eneida aliacha kwenda kanisani misa ya saa mbili, sasa anakwenda ile ya alfajiri wanayokwenda wajane peke yao.

Wiki jana nilikwenda dukani kwa Chichí kununua mchele. Chichí, kama kawaida yake, hapimi kabla hajahutubia.

"Yule Amaurys," akasema, watu wanacheka, "miguu yake ni tao la daraja. Treni ya miwa inapita chini na mabehewa yote!"

Nikamwambia, "Na mizani yako je, Chichí? Kila siku inapitisha nusu ratili chini ya miguu yako, mbona hatujakupeleka mji mkuu?"

Watu wakapiga kelele, hata Chichí mwenyewe akacheka, akaniongezea konzi ya mchele. Nilitoka pale mshindi. Lakini njiani mfuko ukanidondoka, nikapita hatua kumi kabla ya kugeuka kuuokota. Ndugu yangu, sikuwa namtetea Amaurys. Ndilo hilo neno langu, na sasa sina pa kulikwepa.

Unaikumbuka Januari ya 1989. Tulikuwa tumeshinda michezo kumi na mmoja mfululizo, na nyumba yetu ilikuwa kama kanisa. Kila mtu na kiti chake, hakuna kuhama. Redio sauti ileile, Baba hakunyoa ndevu. Na kofia yake ya timu, ile ya kijani, ilikuwa haijaguswa na maji tangu Novemba, maana wote tunajua kwamba kofia ya ushindi haifuliwi. Wewe ulikaa kwenye kile kiti cha chuma chekundu karibu na redio.

Siku ya fainali, zamu ya tisa, tunaongoza kwa moja, ukasikia Mama anakwangua sufuria jikoni. Ukainuka kwenda kuchukua ukoko wa wali. Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu na njaa ya kiwandani. Hukufika hata mlangoni, yule mpigaji wa Papa akaupeleka mpira nje ya ua, wakapata mbili, ushindi ukawa wao.

Sitasahau sauti ya Baba: "Umetuua kwa ukoko, Tirso!" Kesho yake mtaa mzima ulikuwa umeshakubatiza. Ukoko ukienda kazini, Ukoko ukienda kwa kinyozi. Na Baba, ambaye neno lake moja lingewanyamazisha, alikaa siku arobaini bila kukusemesha. Machi ukaondoka. Tulisema umekwenda kutafuta maisha, na wewe mwenyewe ulisema hivyo, lakini mimi ndiye niliyekupangia sanduku na niliuona uso wako.

Ukaja kumzika Mama, miaka kumi na mmoja iliyopita. Mpumbavu mmoja akakuita jina lile palepale makaburini, na asubuhi hukuwepo. Tangu hapo wewe na Baba mnaulizana afya na mvua.

Tirso, hukutuua wewe. Kofia niliifua mimi.

Siku ile ya fainali, mchana, Baba akiwa amelala. Wazazi wa Braulio, aliyekuwa ananichumbia, walikuwa wanakuja kusikiliza mchezo nasi, mara yao ya kwanza kuingia nyumbani kwetu, na kofia ilikuwa inanuka kama beberu. Niliona haya. Nilikuwa na miaka thelathini, nikaogopa kwamba nikimkosa Braulio nimekosa wote. Nikaifua kwa sabuni yangu ya kuogea, nikaianika juu ya bati, nikairudisha msumarini kabla hajaamka. Uliposimama ukitukanwa, nami nilisimama nyuma yako na nikanyamaza. Nikaolewa na Braulio, Mungu amrehemu, nikapata maisha mazuri. Wewe ukapata baridi ya Providence.

Utaniambia mpira hausikilizi kofia wala ukoko. Labda. Meneja mwenye kompyuta angesema hivyo. Lakini mtu alilazimika kulibeba kosa, na nikakuacha ulibebe, na miaka thelathini nimekuwa nakuuliza kiuno kinaendeleaje.

Nilipotoka dukani siku ile sikufika hata jikoni. Nikamkuta Baba barazani, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, na mchele mkononi. Nilitegemea anirushie fimbo.

Akaiegemeza ukutani. Halafu akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini, Baba?"

"Kofia ilinukia waridi, Nereida. Nilipoivaa tu nikajua tumekwisha, hata mpira wa kwanza haujarushwa."

"Sasa mbona ulimtupia Tirso?"

"Wakwe zako walikuwa wamekaa pale. Ningekuaibisha vipi mbele ya watu wale?" Akageuza uso upande wa redio. "Hasira ilikuwa imenifika hapa. Yeye ndiye aliyeinuka. Nilidhani atalibeba siku mbili tatu, mwanamume yule. Akalibeba mpaka Providence."

Akalifuta jicho, lile lisiloona. Nami nilikuwa nalia.

Sasa nisikilize. Kile kiti chako hakuna anayekikalia. Miaka yote nilidhani Baba anakiogopa kwa nuksi, maana akija mgeni akakisogelea anafukuzwa kama kuku. Juzi nikakumbuka kwamba amekipaka rangi mara tatu, nyekundu ileile. Mtu hapaki rangi kitu anachokiogopa.

Msimu unafunguliwa katikati ya Oktoba, na Jumamosi ya kwanza Papa wanakuja kwetu, Amaurys akiwa amevaa sare yao. Mtaa mzima unajiandaa kumzomea. Mimi na Eneida tumeshakubaliana, tutakwenda uwanjani mchezo wao wa pili, wa Jumapili, na kumpigia makofi mpaka viganja viwake. Lakini ule wa Jumamosi tutausikiliza nyumbani, kwenye redio, kama zamani. Nakuomba uje, Tirso. Ukinikasirikia, njoo ukiwa umenikasirikia, utanigombeza hapahapa. Baba hana Oktoba nyingi.

Wasalimie Ivelisse, mwanao Wilkin na mkewe, na huyo mjukuu ambaye uso wake bado siujui. Leoncio anakusalimu, na Eneida pia, ingawa hamjawahi kuzungumza zaidi ya shikamoo. Ramona anauliza kama koti lake bado liko kwako. Bikira wa Altagracia akufunike, akulinde barabarani na kwenye barafu, na akulainishie moyo kwangu mimi niliyechelewa kusema.

Baba amekaa hapa pembeni wakati naandika. Ameniuliza kama nimekuandikia yote, nikamsomea. Akasema niongeze neno lake moja, na niliandike kama alivyolisema: "Mwambie aje akae kwenye kiti chake. Na akitaka ukoko ainuke akachukue katikati ya mchezo, hata mara tisa, na aniletee na mimi."

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyefua kofia,

Nereida