Minazi ya Karibiani Kwenye Ngitili Yetu

Mshauri, nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo unicheke. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, nalo ni kwamba ninawadharau watu wazima wa kijiji chetu, karibu wote, na baba yangu yumo. Wao wananiona binti mpole wa kidato cha tano, anasoma Bariadi, anarudi likizo na vitabu kwenye mfuko wa rambo, akisalimia anapiga goti, akiulizwa anasema ndiyo, na hakuna anayejua kwamba nikiwa nimepiga goti hivyo kichwani nawasema vibaya sana.

Sababu ni ufukwe. Kijiji chetu kiko kata ya Nassa, wilaya ya Busega, kando ya Ziwa Victoria, na tuna kipande cha ufukwe ambacho hakijajengwa kitu, nyasi zinafika kiunoni, mbele yake kuna matete ambamo sato huzaliana, na kipande hicho ni ngitili yetu. Ngitili, kwa wasomaji wako wa mbali, ni malisho tunayoyafunga mvua zikianza, haingii ng'ombe wala mbuzi wala mkata kuni, mpaka kiangazi kikali, kwingine kote ardhi ikiwa tupu kama kiganja, ndipo yanafunguliwa na ng'ombe wa kijiji kizima wanaishi humo. Ukiingiza ndama wako kabla ya siku hiyo unatozwa dume, na hata ukiishiwa kiberiti hakuna jirani atakayekuazima.

Sasa mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, walikuja wataalamu wa mipango kutoka Dar es Salaam, wameletwa na mwekezaji anayetaka watalii wanaotoka Serengeti wakifika Lamadi wakate kona waje kupumzika kwetu. Mkubwa wao anaitwa Bi Monika, amevaa viatu vyeupe kwenye tope la Aprili, sitaki kusema zaidi. Akasimama pembeni ya ngitili akauliza, "Eneo hili analitumia nani?" Mlinzi wa ngitili ni Mzee Masele, ambaye Kiswahili anakijua vizuri kabisa, redio anasikiliza, na ng'ombe wake huwa anawatukana kwa Kiswahili, lakini mbele ya wageni anasema Kisukuma tu ili aonekane mkubwa. Akatoa kifua. Akasema haingii mtu humu, haingii hata mbuzi wa mwenyekiti, tangu mvua ya kwanza hakuna kwato iliyokanyaga, na watu wakapiga makofi, naye akaendelea kuhusu faini, kuhusu Agosti, kuhusu mwaka ambao ngitili hii peke yake ndiyo iliyobakiza mifugo hai. Baba yangu ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji na ndiye aliyekuwa anatafsiri. Alisikiliza yote kwa heshima, kisha akageuka akasema:

"Anasema haingii mtu."

"Basi?" Bi Monika akauliza. "Mbona ameongea muda mrefu?"

"Basi tu, mama. Mengine ni ya kawaida, kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Bi Monika hakujua, Mshauri, akaandika kwamba eneo ni wazi na halitumiki, na kwenye ramani yake ngitili yetu imepakwa rangi nyeupe kama karatasi ambayo haijaandikwa. Nyumbani nilimuuliza baba kwa nini hakumwambia habari ya Agosti, akanitazama kama mtoto wa chekechea akasema, "Mtu ana digrii mbili, wewe unataka nimfundishe kwamba ng'ombe anakula nyasi?"

Mwezi huu wa sita wamerudi na mpango wenyewe. Wametuonyesha kwenye ukuta wa darasa la shule ya msingi picha za Karibiani, mchanga mweupe, minazi, mzungu amelala kwenye kitanda cha kamba, Bi Monika akasema hii itakuwa Karibiani ya Busega. Neno endelevu limo kila ukurasa, kama chumvi iliyomwagika kwenye ugali. Minazi italetwa na malori. Matete yatang'olewa ili ziwa lionekane, halafu palepale utajengwa mnara wa mbao wa kutazamia ndege, ambao, kama mtu angejisumbua kuwatazama leo, wanaishi kwenye hayo matete, na hiyo ndiyo sehemu ya mpango inayoitwa uhifadhi. Watalii wataogelea. Shija wa bodaboda akauliza, "Na viboko nao watakatiwa tiketi?" Watu wakacheka, Bi Monika akajibu kwamba kutakuwa na uzio endelevu, watu wakaacha kucheka wakapiga makofi. Mimi nimesoma kitabu cha jiografia cha maktaba yetu kinachosema kwamba huko huko Karibiani kuna fukwe zilizong'olewa mimea yake ili zipendeze, mawimbi yakabeba mchanga, na sasa watu wanahangaika kupanda upya walichong'oa. Kwa hiyo hata kuiga hatujui, tunachukua picha na kuliacha somo.

Baada ya hapo wakagawa nakala za ramani na kofia zenye mchoro wa mnazi. Baba anaivaa mpaka kanisani, anaivua wakati wa mageuzo tu. Na ukipita nyumba kwa nyumba kuuliza ng'ombe watakula wapi Agosti, kila mmoja anakwambia hoteli itakaa pembeni huko, ngitili haiguswi, ngitili ni ngitili, kila mtu anajua. Hakuna aliyeifungua ramani. Wameikunja vizuri wakaiweka kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo.

Mkutano mkuu wa kijiji wa kuupitisha mpango huu ni baada ya wiki mbili, na Bi Monika atakuwapo. Mimi nina miaka kumi na saba, kupiga kura siwezi. Nikisimama kusema ukweli itabidi niseme mbele ya kijiji kizima kwamba baba yangu alitafsiri nusu, na kwetu binti hamsahihishi baba yake hadharani, mama anasema nikithubutu hata ng'ombe wa mahari yangu watagoma njiani. Nikinyamaza, ngitili inazungushiwa uzio kabla ya Agosti na mifugo itafia nje ya waya ikitazama nyasi. Nimeshaandika karatasi isiyo na jina ya kubandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, nimewaeleza wote mmoja mmoja jinsi walivyo wajinga, na kusema kweli imeandikwa vizuri. Niibandike?

Mimi msomaji, Nassa

*

Mwanangu msomaji,

Usiibandike. Ichome, hata kama imeandikwa vizuri, na hasa kwa sababu imeandikwa vizuri. Ukiwaita watu wajinga kwa karatasi isiyo na jina, mkutano mzima utageuka kesi ya kumsaka mwandishi, na mpango utapita wakati wao wanalinganisha miandiko.

Bi Monika wako sina la kumtetea. Mtu anayekwenda kupima malisho ya kiangazi wakati wa masika, mara moja, na viatu vyeupe, ni sawa na anayeingia kanisani Jumatatu asubuhi akaandika kwamba mji huu hauna Wakristo. Nchi hii ina wengi wa namna hiyo, na picha zao ni nzuri sana.

Lakini wewe je? Mwezi wa nne ulikuwa umesimama hapo hapo. Kisukuma unakijua, Kiswahili unakijua, ulisikia nusu ya maneno ikidondoka chini, ukaiokota, ukaiweka mfukoni ili upate cha kudharau. Ungeweza kumfuata yule mama kando, gari likiwa bado linawashwa, ukamwambia neno moja: Agosti. Hukusema. Mzee Masele anajisifu, baba yako anafupisha, nawe unanyamaza kwa kiburi, na ramani ikatoka nyeupe kwa jasho lenu nyote. Usinipigie goti mimi huku kichwani unanisema, nimeshakujua.

Baba yako si mtu mbaya. Ni mtu aliyekaa na jambo muda mrefu mpaka anadhani limeandikwa angani. Wapo wengi. Kinachojulikana kwenu hakijulikani Dar es Salaam, na aliyesoma digrii mbili hakufundishwa ngitili katika digrii yoyote.

Sasa sikiliza. Mtu anayependa kujisifu hasahihishwi, anaulizwa. Nenda kwenye mkutano. Mama yako ana haki ya kusema pale, amwombe mwenyekiti akupe nafasi ya swali moja tu. Hakuna mila ya Kisukuma inayomkataza mjukuu kumuuliza babu. Muulize Mzee Masele, kwa Kisukuma chake anachokipenda: kwa nini haingii mtu, na ni mpaka lini? Kisha kaa. Atamwaga yote, nakuhakikishia, mtamwomba anyamaze. Na tafsiri mwachie baba yako. Mwachie! Hata akikwama, wewe usimrukie mdomoni. Alisema nusu mwenyewe, mpe nafasi aimalizie mwenyewe, na hapo hakuna binti aliyemsahihisha baba.

Mama yako naye, kwa kuwa ana kura, aombe mambo mawili. Wataalamu warudi Agosti waione ngitili ikiwa na ng'ombe ndani, ndipo wachore. Na wamwambie mwekezaji kwamba sheria ya mazingira hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo hayo matete ayaache. Hoteli si dhambi, vijana wenu wanahitaji kazi. Lakini sijawahi kusikia kijiji cha ziwani kisicho na mahali pa mawe ambapo nyasi hazioti. Mwonyesheni hapo.

Na dharau iache. Ni kazi rahisi, haimtoi mtu jasho, ndiyo maana umeifanya vizuri hivyo.

*

Mkutano ulipopita, binti huyu aliniandikia tena. Nayaweka maneno yake kama yalivyo.

Mshauri, karatasi niliichoma jikoni. Mama aliuliza nachoma nini, nikasema makosa.

Siku ya mkutano mama aliniombea nafasi. Nilisimama na sauti haikutoka. Shija akapiga kelele, "Dada, redio imeisha betri!" Watu wakacheka, na kwa hasira sauti ikaja. Nikasema, "Guku," yaani babu, kama tunavyomwita kila mzee, "kwa nini haingii mtu, na ni mpaka lini?" Nikakaa.

Mzee Masele alisimama kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu mwezi wa nne. Alisema yote tena na akaongeza mengine. Alipotua kupumua, Bi Monika alimgeukia baba.

"Anasema haingii mtu," baba akasema. Aliwatazama watu, watu wakamtazama. Akasema, "Mpaka Agosti. Agosti wanaingia ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa wote. Wa hawa wote uliowagawia kofia."

Bi Monika aliuliza mbona hawakumwambia, na mkutano mzima ukajibu kwa pamoja kama darasa, "Tulidhani unajua!" Ndipo mwenyekiti akataka ramani ifunguliwe mezani, na kwa mara ya kwanza watu wakasimama kuitazama. Mama Nyanjige, yaani mama yangu, aliweka kidole kwenye ile sehemu nyeupe akauliza ng'ombe wake wameandikwa wapi. Kisha akasema habari ya mita sitini. Bi Monika alikuwa anaijua sheria hiyo, alikuwa ameisahau kidogo.

Mpango haukupitishwa. Haukukataliwa pia, wapo waliokasirika, hasa vijana walioahidiwa kazi, na mmoja aliniambia kwamba nimemnyang'anya ajira. Bi Monika atarudi Agosti na ataangalia upande wa mawe. Sijui kama mwekezaji atakubali.

Mzee Masele hakuwa amemaliza. Alianza kueleza majina ya nyasi, ipi ng'ombe anaianza na ipi anaiacha mpaka mwisho, na Bi Monika akawa anaandika kweli sasa. Baba alitafsiri mbili, ya tatu akakwama, hakupata jina lake kwa Kiswahili. Nilijibana mdomo kama ulivyoniagiza. Akageuka akanitafuta kati ya wanawake.

"Sema wewe," akasema. "Si ndiyo unayosomea?"

Nilisimama tena. Jina la Kiswahili la nyasi ile hata mimi sikulijua, nikasema hivyo, nikaieleza ilivyo. Kisha nikaendelea kutafsiri, neno kwa neno, bila kufupisha, mpaka Mzee Masele alipochoka mwenyewe.